Pistoni na konrodi za kufuliwa zinatosha kufikisha farasi 500?

Swali: "Shikamoo fundi. Nina injini ya Mitsubishi 4G63 ya turbo, lita 2, haijawahi kufunguliwa. Nataka ifike nguvu farasi 500, na niwe naendea nayo shughuli zangu za kila siku, si ya mashindano tu. Nimeshauriwa ninunue pistoni na konrodi za kufuliwa pamoja na studi za silinda hedi, basi. Mwingine ananiambia bila kranki mpya ni kazi bure. Nani yuko sahihi? Na nikishafunga, nianze na busti kiasi gani?"

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na kranki, yaani mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, maana ndiyo itakayokula fedha nyingi bila sababu: iache. Kranki ya 4G63 ya turbo imetoka kiwandani ikiwa ya chuma kilichofuliwa (kilichoshindiliwa kwa nguvu, si kumiminwa kwenye kalibu), na kwa farasi 500 haina tatizo, mradi haijapinda, haina ufa na shingo zake (sehemu zinazozunguka ndani ya beringi) hazijakwaruzika. Pistoni na konrodi, yaani mikono inayounganisha pistoni na kranki, badilisha. Studi weka. Lakini aliyekwambia "basi" amekuacha nusu ya njia. Injini nyingi nilizofungua zikiwa zimekufa zilikuwa na vipuri vya kufuliwa ndani, tena vya hali ya juu. Chuma hakikuwa dhaifu. Kuna mtu alivifunga bila kupima, au alivifunga vizuri kisha mwingine akaiwekea injini taimingi ya moto (wakati wa plagi kurusha cheche) isiyovumilika.

Kabla sijataja kipuri chochote, nataka uelewe ni kitu gani kinavunja nini. Ndani ya silinda kuna mizigo miwili tofauti, na watu wengi wanaichanganya.

Wa kwanza ni msukumo wa gesi inayoungua. Silinda yako ina kipenyo cha milimita 85, kwa hiyo kichwa cha pistoni kina eneo la karibu sentimita za mraba 57. Shinikizo likifika bar 100, jambo ambalo injini ya turbo iliyoongezwa nguvu inaliweza, pistoni moja inasukumwa chini na mzigo wa karibu tani 5.8. Mzigo huo unapita kwenye pini, unashuka kwenye konrodi na kuishia kwenye utando mwembamba wa oili juu ya beringi. Huu ni mzigo wa kukandamiza. Ndio unaopinda konrodi.

Wa pili unatokana na uzito wa pistoni yenyewe. Kwa mizunguko 7500 kwa dakika, kila pistoni inasimama na kugeuza mwelekeo mara 250 kwa sekunde. Mwendo wa pistoni kwenye 4G63 ni milimita 88 na konrodi ina urefu wa milimita 150; ukipiga hesabu, pistoni ikifika juu kabisa inavutwa kurudi chini kwa mchapuko unaozidi mara 3500 ya mvutano wa dunia. Tuseme pistoni, pini, ringi na sehemu ya juu ya konrodi vina gramu 600. Hapo konrodi inavutwa kwa nguvu ya karibu tani 2.1. Pandisha mizunguko hadi 9000 na inakuwa tani 3.1, kwa sababu mzigo huu unakua kwa mraba wa mizunguko. Huu ni mzigo wa kuvuta, na wanaoubeba ni boliti za konrodi.

Sasa angalia jinsi mizigo hiyo inavyokutana. Pistoni ikiwa juu wakati wa kuungua, gesi inasukuma chini huku uzito wa pistoni ukitaka kuendelea juu, kwa hiyo mmoja unampunguzia mwenzake. Lakini mzunguko unaofuata, pistoni inapofika juu ikitoa moshi, hakuna gesi ya kuipinga. Mvuto wote unaangukia boliti. Ndiyo maana boliti ya konrodi mara nyingi hukatika kwenye mizunguko mikubwa, wakati mwingine hata dereva ameshaachia akseleta. Na konrodi hupinda kwenye mizunguko midogo yenye busti kubwa (shinikizo la hewa inayosukumwa na turbo), pale uzito wa pistoni haujapata kasi ya kupunguza msukumo wa gesi. Kwa hesabu zile zile, kwenye mizunguko 3500 konrodi inabaki na zaidi ya tani 5 za kukandamizwa. Kwenye 7500 zinabaki kama 3.7.

Kwa hiyo "farasi 500" peke yake hainiambii injini yako itabeba nini. Farasi 500 ni kilowati 373. Ukizipata kwenye mizunguko 7000, toki, yaani nguvu ya kusokota, ni kama Nm 509. Ukilazimisha farasi hao hao wapatikane kwenye mizunguko 5000, toki inakuwa Nm 712. Namba kwenye karatasi ya daino, mashine ya kupimia nguvu, ni ile ile, lakini konrodi, beringi, gasketi ya silinda hedi na giaboksi vimebebeshwa asilimia 40 zaidi. Kwa gari la kuendea shughuli za kila siku, shauri langu ni turbo ya ukubwa wa wastani na programu ya injini inayozuia busti isijae yote mapema. Ruhusu busti kamili kuanzia mizunguko 4500 hivi. Hutaona upungufu wowote barabarani, na konrodi zitakaa.

Halafu kuna adui wa tatu, na huyu ndiye ananitia hofu kuliko wote wawili: mlipuko usiotakiwa. Hewa na petroli vinatakiwa viungue kwa utaratibu, mwali ukisambaa kutoka kwenye plagi. Joto na shinikizo vikizidi, mchanganyiko uliobaki pembeni unajilipua wenyewe kwa mkupuo mmoja. Mawimbi yake yanaigonga pistoni kama nyundo na kuifuta ile hewa tulivu inayolinda uso wa alumini dhidi ya joto. Dalili ya kwanza kwenye injini iliyofunguliwa ni vidoa vidogo vya kuliwa kwenye kingo za pistoni na beringi za juu za konrodi zilizopondwa. Baadaye kuta zinazoshika ringi zinavunjika. Pistoni ya kufuliwa itastahimili mapigo hayo muda mrefu kidogo kuliko ya kalibu, na huo ndio msaada wake mkubwa: inakupa nafasi ya kuligundua kosa. Haiwezi kuliponya.

Tuingie kwenye vipuri.

Konrodi ndizo za kwanza kwenye orodha yako. Zile za chuma cha 4340 (namba ya aina ya chuma) zilizofuliwa, zenye umbo la H au la I, zinapatikana kwa wingi kwa injini hii, na kwa farasi 500 sina ugomvi na umbo lolote kati ya hayo mawili. Watu wanabishana usiku kucha kuhusu H na I wakati kitu cha kuangalia ni boliti. Uliza boliti zake ni za daraja gani, na usikubali seti isiyokuja na karatasi ya maelekezo. Boliti ya konrodi inafanya kazi kama springi: unaikaza hadi irefuke kiasi fulani, na ule mvuto wake ndio unaoshikilia kifuniko kisiachane na konrodi. Ukikaza kwa toki renchi peke yake, sehemu kubwa ya nguvu inaishia kwenye msuguano wa nyuzi na wa kichwa cha boliti, kwa hiyo kilainishi tofauti kinakupa mkazo tofauti kwa namba ile ile. Pima urefu wa boliti kabla na baada ya kukaza kwa geji ya kupimia kurefuka kwake, uandike, boliti baada ya boliti. Ikibaki ndefu baada ya kulegezwa, itupe. Kuna boliti za chuma kigumu zaidi ya hizi za kawaida ambazo zinaathiriwa na unyevu, hata jasho la mikono. Kwa gari la kila siku usizitafute, huzihitaji.

Pistoni zinahitaji maneno mengi zaidi, kwa sababu hapa ndipo uamuzi wako utasikika kila asubuhi. Pistoni za kufuliwa ziko za aloi mbili zinazojulikana. Ya 4032 ina silikoni ya karibu asilimia 12. Haitanuki sana ikipata joto, hivyo inafungwa na uwazi mdogo kwenye silinda na inakaa kimya. Ya 2618 karibu haina silikoni kabisa. Inanepa badala ya kupasuka na inavumilia mapigo vizuri zaidi, lakini inatanuka zaidi, kwa hiyo lazima ipewe uwazi mkubwa, mara nyingi kati ya milimita 0.08 na 0.10 kwa silinda kama yako. Matokeo yake injini ikiwa ya baridi utaisikia inapiga kelele ya kugongagonga mpaka ipate moto. Si ugonjwa. Ila lazima uiheshimu: usiikanyage kabla oili haijapata joto. Nikifikiria matumizi yako, farasi 500 na safari za kila siku, kama una uhakika wa petroli ya oktani ya juu na programu ya tahadhari, 4032 inakutosha na itadumu. Kama unajua ndani ya mwaka utatamani farasi 600, chukua 2618 sasa hivi ili usifungue injini mara mbili.

Chochote utakachochagua, uwazi unaoandikwa na mtengenezaji wa pistoni ndio sheria. Pistoni kwanza, ndipo silinda ichongwe kuifuata. Nimeona watu wanapeleka bloki ikachongwe hadi milimita 85.5 kisha wanakwenda kutafuta pistoni; hiyo ni sawa na kukata kitambaa kabla ya kumpima mvaaji. Na usichonge zaidi ya inavyohitajika. Ukuta wa silinda ndio unaozuia shinikizo lote lile. Kama silinda ni nzima na pistoni za kipimo cha kiwandani zinapatikana, bora. Fundi wa mashine aisugue silinda huku bamba zito limefungwa juu ya bloki kwa mkazo ule ule wa silinda hedi, maana studi zikikazwa, tundu la silinda linabadilika umbo kidogo. Silinda iliyosuguliwa bila bamba inakuwa duara mezani na yai injini ikishafungwa.

Sasa ringi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ni kipimo kisichogharimu kitu na ndicho kilichoua injini nyingi nilizoziona. Ringi ina pengo kwenye ncha zake. Watu wanadhani pengo dogo ni bora kwa sababu gesi haitavuja. Kwenye injini ya kawaida wana haki kidogo, na ringi ya juu ya kiwandani inaweza kuwa na pengo la milimita 0.25 tu. Lakini fikiria mzingo wa ringi yako: ni kama milimita 267 za chuma. Chuma hicho kikipata joto la nyuzi 100 zaidi ya ukuta wa silinda, kinarefuka karibu milimita 0.31. Pengo la 0.25 halipo tena. Ncha zinagusana, ringi haina pa kwenda, inajibana kwenye ukuta na kung'ang'ania pale huku pistoni ikiendelea na safari yake. Ukuta wa alumini unaoishika ringi unang'oka.

Kwa petroli na turbo, kanuni inayofuatwa na wengi ni kuzidisha kipenyo cha silinda kwa 0.0055 hadi 0.006. Kwako ni milimita 0.47 hadi 0.51 kwa ringi ya juu. Ringi ya pili ipe kubwa kidogo kuliko hiyo, ili gesi iliyoponyoka ya kwanza isinaswe katikati na kuinyanyua ringi ya juu kutoka kwenye kitako chake. Pima kila ringi ndani ya silinda yake yenyewe, iliyosawazishwa kwa kuisukuma na kichwa cha pistoni, kwa fila geji (vibapa vya kupimia pengo). Ringi nyingi za vipuri vya kufuliwa zinakuja na pengo dogo makusudi ili wewe uzipunguze kwa tupa. Wapo wanaozitoa kwenye boksi na kuzivika moja kwa moja. Niliwahi kuletewa injini ya namna hiyo, imetembea muda mfupi tu tangu ifungwe, pistoni mbili zimebomoka upande wa ringi. Mwenyewe aliamini ameuziwa pistoni bandia. Nikamwonyesha ncha za ringi zake: zilikuwa zinang'aa kama kioo. Chuma hakijing'arishi hivyo bila kugusana na chuma. Pistoni zilikuwa nzuri kabisa. Tupa na nusu siku ya subira vingeziokoa.

Beringi. Utando wa oili ndio unaobeba zile tani zote, na unene wake unategemea uwazi ulioachwa. Kanuni ya kuanzia ni sehemu moja ya elfu ya kipenyo cha shingo: shingo za konrodi za 4G63 ni milimita 45, kwa hiyo 0.045, shingo kuu ni milimita 57, kwa hiyo 0.057. Kwa mzigo unaoutaka, kuongeza kidogo juu ya hapo ni sahihi, kupunguza si sahihi. Pima shingo kwa maikromita, pima tundu la beringi likiwa limekazwa kwa mkazo kamili, kisha toa. Ile nyuzi laini ya plastiki inayopondwa kati ya beringi na shingo itumie kama shahidi wa pili tu. Na uwazi huo uende na oili yake: ukiwa umeachia nafasi pana halafu ukaweka oili nyepesi ya kiwandani, umeharibu hesabu.

Kwenye 4G63 pima pia mchezo wa kranki wa mbele na nyuma. Kwa kawaida unatakiwa kuwa kati ya milimita 0.05 na 0.18. Baadhi ya 4G63 zenye boliti 7 kwenye flaiwili (gurudumu zito nyuma ya kranki) zilipata sifa mbaya kwa beringi ya ubavuni kuliwa mpaka kranki inatembea. Hapa klachi inahusika moja kwa moja. Kila ukikanyaga klachi nzito, unaisukuma kranki kwenye beringi hiyo. Kwa hiyo usinunue klachi ya kubeba Nm 900 kwa ajili ya injini ya Nm 510, na usiwe na tabia ya kuwasha gari huku umekanyaga klachi wakati gia iko huru. Pale oili haijafika, beringi ile inasuguana kavu.

Nimesema kranki iache, lakini usiiache bila kuiangalia. Ikapimwe unyoofu, ikatafutwe nyufa kwa njia ya sumaku, ing'arishwe shingo, njia zake za oili zisafishwe mpaka brashi itoke nyeupe, halafu isawazishwe uzito ikiwa pamoja na flaiwili, klachi na pistoni mpya. Puli yake ya mbele ina mpira katikati, na mpira ule una kazi kubwa: kila silinda ikiungua kranki inajisokota kidogo na kurudi, na puli inatuliza mtikisiko huo. Kuna puli nyepesi za alumini zisizo na mpira zinazouzwa kwa ahadi ya injini kuamka haraka. Usiifunge. Mtikisiko usiotulizwa unaishia kwenye gia ya pampu ya oili na kwenye kranki yenyewe.

Mihimili miwili ya kutuliza mtikisiko ndani ya bloki, ile inayozungushwa na mkanda wake mdogo, ni suala la hiari. Mashindanoni wengi huitoa, maana mkanda ule ukikatika unaweza kunaswa na taimingi belti, na hapo valvu zinakutana na pistoni. Ukiitoa, gari litatetemeka zaidi likiwa limesimama. Kama unataka utulivu, ibaki, ila ibadilishiwe mkanda na beringi. Ukiamua kuitoa, hakikisha matundu ya oili ya mihimili hiyo yamezibwa ipasavyo. Kuacha moja wazi ni kumwaga presha ya oili.

Bloki yako ni ya chuma cha kalibu, na hapo una bahati. Bloki ya aina hiyo inabeba mambo makubwa: BMW ilijenga injini yake ya Formula 1 ya turbo ya lita 1.5 juu ya bloki ya chuma iliyotokana na injini ya magari yake ya kawaida, na Nelson Piquet akawa bingwa wa dunia nayo mwaka 1983. Wenye bloki za alumini ambazo juu silinda zimesimama bila kushikwa na kitu, wao wana kazi ya ziada ya kuziimarisha au kuweka silinda za chuma. Wewe kazi yako ni kuusawazisha uso wa juu mpaka uwe laini kabisa, kwa sababu gasketi ya chuma ya matabaka mengi haisamehe uso wenye mikwaruzo. Studi zikazwe kwa hatua, kwa mpangilio, kwa kilainishi kilichokuja nazo. Busti haiinui silinda hedi. Kinachoiinua ni shinikizo la kuungua, na mlipuko usiotakiwa ndio bingwa wa kuinua. Gasketi ikivuja kila mara, kabla hujanunua nene zaidi, chunguza taimingi.

Juu kwenye silinda hedi, badilisha springi za valvu, kwa sababu presha ya turbo inazisukuma valvu za kuingiza hewa na mizunguko inazirusha. Valvu zenyewe za kiwandani zikiwa nzima zinatosha.

Oili: pampu mpya, vizuizi ndani ya sampu (chombo cha oili chini ya injini) ili oili isikimbilie upande mmoja kwenye kona, na kipozeo cha oili. Presha ikiwa injini ina moto, mafundi wengi wanatafuta kama psi 10 kwa kila mizunguko 1000. Vile vinyunyizio vidogo vinavyorusha oili chini ya pistoni vibaki, na hakikisha havigusani na konrodi mpya. Zungusha kranki kwa mkono mizunguko miwili kamili kabla ya kufunga sampu.

Upande wa petroli sitakaa, lakini namba moja uwe nayo. Farasi 500 za turbo zinakunywa karibu kilo 136 za petroli kwa saa pale akseleta iko chini kabisa. Gawanya kwa nozeli nne, acha akiba ya asilimia 20, unapata nozeli za kama cc 1000 kwa dakika pamoja na pampu inayozilisha. Petroli ikipungua kwa sekunde mbili chini ya busti kamili, hakuna kipuri hata kimoja kati ya nilivyotaja kitakachokuokoa.

Siku ya kuwasha mara ya kwanza, toa plagi, chomoa nozeli, uzungushe kwa stata mpaka geji ya oili isome presha. Ndipo uwashe. Tumia oili ya madini isiyo ya sintetiki kwa kilomita za mwanzo, na usiiache injini ikinguruma imesimama saa nzima. Ringi zinakaa kwenye silinda kwa kusukumwa na gesi, kwa hiyo zinahitaji mzigo. Endesha, kanyaga kiasi hadi mizunguko 4000 hivi, achia ipungue yenyewe kwenye gia, rudia. Badilisha oili baada ya saa moja ya kwanza, kisha kilomita 500. Kila mara kata filta, itandaze karatasi yake juu ya kitambaa cheupe. Unga wa kijivu mwembamba ni wa kawaida mwanzoni. Vipande vinavyong'aa vya rangi ya shaba au risasi vinamaanisha beringi, na hapo zima, fungua sampu siku hiyo hiyo.

Kuhusu busti. Anza na shinikizo la springi ya westigeti (valvu inayodhibiti busti ya turbo) peke yake, bila kifaa cha kuiongezea. Kama springi ni ya bar 0.8, basi ni bar 0.8. Hapo fundi wa programu aweke uwiano wa hewa na petroli karibu 11.5 kwa 1 kwenye mzigo kamili, na taimingi ya moto iwe ya kurudi nyuma kuliko anavyodhani inahitajika. Apandishe busti kwa hatua za bar 0.1 au 0.2, kila hatua akisikiliza mlipuko kwa vifaa vya masikioni vilivyounganishwa na sensa ya bloki, na akiangalia joto la hewa inayoingia baada ya intakula (kipozeo cha hewa ya turbo). Taimingi aipandishe mwisho, nyuzi moja moja. Ukifika mahali kuongeza nyuzi moja hakuongezi toki, hata kama mlipuko haujasikika, mwambie airudishe nyuzi mbili aache hapo. Farasi 500 kwa lita 2 mara nyingi zinapatikana kati ya bar 1.6 na 2.0, kutegemea turbo na petroli. Ukizipata kwenye 1.7, usiende 2.0 kwa sababu tu kuna mtu anaendesha 2.0.

Kabla hata ya siku ya daino, pima mgandamizo wa silinda zote nne na kiasi cha hewa kinachovuja kila moja, uandike. Rudia kipimo hicho baada ya kilomita 1000. Silinda moja ikianza kuachana na wenzake, toa plagi yake uiangalie kabla hujaendelea, kisha niandikie namba zote nne.